Milango Isiyo na Kitambaa

Jumapili, Machi 2

Mvua imeanza na mimi nimeanza kuogopa, sijui lipi lilitangulia. Mume wangu husema mimi huogopa hata sufuria ikianguka jikoni kwa jirani. Ni kweli, siwezi kubisha. Lakini leo nina sababu. Msimamizi wa jengo amepita mlango kwa mlango kutangaza kwamba kampuni yenye nyumba hizi inapandisha kodi kuanzia mwezi wa tano, na si kidogo. Asiyeweza, atoke. Alisema huku akiangalia viatu vyake, maana na yeye ni mpangaji humu humu.

Tuko ghorofa ya nne na lifti ilikufa zamani. Mama mkwe hajashuka ngazi tangu magoti yalipomkatalia. Tukitolewa, huyu tutamtoaje? Nimeamua kuandika kwa sababu nikimweleza mume wangu anacheka, na nikimweleza mama mkwe analia.

Jumanne, Machi 4

Kazini, kwenye kiwanda cha ufuaji, mashuka ya hospitali yamelundikana, mvua haikaushi kitu. Mimi na Chiriku tunalisha mashine ya pasi. Yeye anashika pembe moja ya shuka, mimi nyingine, tunaliingiza pamoja kwenye rola za moto. Mmoja akimtangulia mwenzake, shuka linakwenda upande na vidole vinaweza kulifuata. Tumefanya hivi miaka mingi na vidole vyetu vyote tunavyo.

Tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi. Tunaishi korido moja, mlango wake unatazamana na wetu. Yeye ni mweupe, mimi ni mweusi, na babu zetu wote wawili wamezikwa katika makaburi ya mji huu, ila pande mbili za ukuta. Leo alizungumzia kodi tangu asubuhi mpaka king'ora cha kutoka. Mumewe alipunguzwa kazi ghalani tangu mwaka jana, anashinda amelala akitazama dari.

"Jirani, wakitutoa sisi tutahamia humu kwenye mashine," akasema. "Angalau kuna joto."

Nilicheka mpaka msimamizi wa zamu akatukodolea macho.

Jumapili, Machi 9

Mkutano wa wapangaji kwenye maegesho, chini ya jengo. Mwenyekiti wetu ni fundi bomba, mtu mwema. Ameziba mabomba ya kila nyumba humu bila kuchagua rangi. Mwezi wa tano mwishoni anagombea udiwani. Aliongea vizuri. Alisema njaa haina rangi, mwenye nyumba anatukamua wote kwa mkono mmoja, kwa hiyo wote tukatae kodi mpya kwa sauti moja. Watu walipiga makofi, hata mume wa Chiriku, ambaye sikumbuki lini nilimwona amesimama wima.

Likatoka wazo kwamba kila nyumba inayokataa itundike kitambaa cheupe mlangoni. Watoza kodi wa kampuni wakipanda ngazi wakute vitambaa kila mahali, watatuheshimu. Nikasikia mdomo wangu unasema kwamba kazini kuna mashuka yaliyochakaa, yanatupwa tu, naweza kuyaomba. Watu wakanigeukia. Mwenyekiti akasema, "Dada ametuokoa." Nilirudi juu natetemeka, lakini kwa furaha.

Jumatatu, Machi 10

Mvua. Nimepewa mashuka.

Alhamisi, Machi 13

Saa ya chakula mimi na Chiriku tumechana vitambaa. Sauti ya shuka likichanika naipenda. Chiriku alivaa kimoja kichwani akaigiza mtoza kodi aliyepotea njia, nikapaliwa na chai.

Jumamosi, Machi 15

Nataka kuandika haya yote kabla sijaanza kuyapamba.

Mchana Mwenyekiti alikuja na katibu wake. Nilimkaribisha kiti, akasema haketi. Mtu akikataa kiti nyumbani kwako, jua ana jambo. Mume wangu alikuwa anafungua friji ya mteja sakafuni, akainuka akafuta mikono.

"Dada, shemeji, nimekuja kwa heshima," akasema. "Vile vitambaa. Tumekaa kama kamati, tukaona kwa sasa nyinyi msitundike."

"Sisi nani?" mume wangu akauliza.

Mwenyekiti akatazama dirishani. "Nyinyi na fundi viatu wa ghorofa ya pili. Na ile familia ya chini. Nyinyi wenzetu weusi."

Akaeleza. Mpinzani wake, yule anayejiita Bwana Usafi kwa sababu anaahidi kusafisha mtaa, anasema mgomo huu ni wa watu weusi wasiotaka kulipa. Kitambaa kikionekana kwenye mlango wa mweusi, gazeti litapiga picha huo mlango tu. Wenzetu weupe wanaoyumba watakimbia. "Tushinde kodi kwanza. Ikishuka, imeshuka kwa wote, na nyinyi mmo. Haya ya rangi tutayashika baadaye, nawaapia."

"Vitambaa nimevichana mimi," nikasema.

"Najua, dada. Na tunakushukuru."

Alipotoka mume wangu hakucheka. Alirudi kwenye friji akafungua skrubu moja, akaifunga, akaifungua. Mama mkwe alikuwa amesikia yote kutoka chumbani. Akasema, "Alipoziba bomba letu alikunywa chai hapa. Leo hakuketi."

Mimi, nikiri, nilipata nafuu kidogo. Kutotundika kitu ni kujificha, na kujificha nakujua.

Jumapili, Machi 16

Vitambaa vimetundikwa. Niliposhuka kununua mkate nilielewa. Milango yote ina kitambaa isipokuwa yetu. Mtu asiyetujua kabisa, anayetoka mji mwingine, akipanda ngazi hizi leo atajua nani anakaa wapi. Nilikuwa nadhani tumefichwa.

Alhamisi, Machi 20

Gari la Bwana Usafi limezunguka jengo na kipaza sauti. "Tazameni milango. Mnagoma nyinyi, wao hawagomi. Kodi mpya wanaiweza. Nani anawalipia? Kampuni inawatoa nyinyi iwaingize wao." Wiki iliyopita tulikuwa wagomaji wasiotaka kulipa. Leo tuna pesa na tunanunua nyumba za watu. Mume wangu anasema angalau tumepandishwa cheo.

Kipaza sauti kilirudia na kurudia, na mvua ikinyesha juu yake, na hakuna aliyefungua dirisha kubisha. Nilimngoja Mwenyekiti. Anakaa ghorofa ya kwanza na dirisha lake linatazama barabarani.

Jumatatu, Machi 24

Mlango wa fundi viatu umepakwa masizi na kuandikwa MAKAA RUDINI KWENU. Fundi viatu alikuwa anausugua na brashi yake ya viatu. "Ndiyo brashi niliyonayo," akaniambia. Nikamsaidia kidogo, kisha nikasikia hatua nikakimbilia juu. Nimemwacha peke yake. Naandika ili nisijidanganye.

Jumanne, Machi 25

Mvua. Nimebadilisha komeo.

Jumamosi, Machi 29

Chiriku hasemi. Kimya chake kinanitisha kuliko kipaza sauti. Tunaingiza mashuka, mikono inajua kazi, macho yake yako kwenye rola. Kabla ya kutoka alisema bila kunitazama, "Mume wangu amejiunga na wale Walinzi wa Mtaa wa Bwana Usafi. Wanampa chakula na koti la mvua."

"Wanalinda nini?"

"Sijui. Anatoka kitandani, jirani. Mwaka mzima hajatoka kitandani." Akalia. "Nimwambie arudi kulala?"

Nilimhurumia, na papo hapo nilikuwa najiuliza kama mumewe anajua mama mkwe hubaki peke yake saa ngapi. Anajua. Anatuona kila siku.

Alhamisi, Aprili 3

Nimekwenda kwa Mwenyekiti. Nilimkuta amelala chini ya sinki la mtu, miguu tu ndiyo inayoonekana, nikaongea na miguu.

"Wamempaka masizi fundi viatu. Gari linatutukana kila siku. Sema neno, hata moja."

Akatoka, maji yakimtiririka kwenye kiwiko. "Dada, nikisema neno hilo, wapiga kura wote wa jengo la tatu hapo mtaani wananiacha. Wale ni watu wenye njaa, wanamsikia tu yule anayewaambia nani amewala. Nikiwaambia ni kampuni, wananisikia. Nikiwaambia na kuhusu rangi, wanaona nawagombeza. Nikishindwa, anaingia Usafi. Ndipo utajua kuogopa."

"Kwa hiyo nisubiri uchaguzi upite ndipo niogope?"

Akatabasamu kwa uchovu. "Usinifanye adui, dada."

Tatizo ni kwamba si adui. Nilipokuwa nikirudi niliyageuza maneno yake na sikuona uongo ndani yake. Kodi ikipanda, sisi ndio tutatoka wa kwanza. Namhitaji ashinde. Lakini anapiga hesabu ya watu, na kila mara anayetolewa kwenye hesabu ni mimi.

Jumamosi, Aprili 5

Mume wangu anataka tutundike kitambaa, liwalo na liwe. Nimekataa. Nikasema heri nusu shari kuliko shari kamili. Akauliza, "Hii unayoiona ni nusu?"

Mama mkwe amesema yeye haendi popote. "Mkinibeba kwenye ngazi mtaniangusha, naijua mikono yenu."

Jumatano, Aprili 9

Mvua. Hakuna jipya. Naandika hakuna jipya, kisha naenda kukagua komeo.

Jumatatu, Aprili 14

Ilikuwa juzi, Jumamosi. Sikuweza kushika kalamu mpaka leo.

Saa za alasiri. Mume wangu alikuwa kwa mteja. Mvua kubwa, umeme umekatika, korido giza. Mama mkwe alikuwa kitandani, mimi namkata kucha. Tukasikia kelele kutoka chini, na mlango ukipigwa, na sauti ya fundi viatu ikisema, "Ndugu zangu, ndugu zangu." Kisha haikusema tena.

Walinzi. Waligawana majengo, hili nimelijua baadaye. Wa jengo letu walipelekwa la tatu na wa jengo la tatu wakaletwa kwetu, ili asijulikane mtu. Hawakujua nyuso zetu. Walikuwa wanasoma milango.

Nilimvuta mama mkwe akae. Nikamwekea mikono kwapani, nikajaribu kumwinua, akapiga yowe kwa maumivu. Hata ningemwinua, ngazi ni moja na wao wako kwenye ngazi. Nilimwambia ajikunje ukutani. Nikafungua mlango nione kama kuna pa kupita, ndipo nikakiona kitambaa cha Chiriku, mbele yangu, hatua chache tu.

Nilikuwa na muda wa kufikiri, siwezi kusema sikuwa nao. Nilifikiri hivi: Chiriku hawatamfanya kitu. Yeye ni mweupe. Mumewe ni mmoja wao. Akibaki bila kitambaa, rangi yake inamtosha. Mimi nisipokuwa nacho, sina kitu. Nikavuka korido, nikakifungua, nikakifunga kwenye kitasa chetu, nikaingia, nikashusha komeo. Niliketi chini, mgongo kwenye mlango. Mama mkwe alikuwa ananitazama.

Wakafika. Nilisikia pumzi zao. Mkono ukagusa kitambaa kwenye mlango wangu, mlango ukanitikisa kidogo mgongoni. Mtu akasema, "Hapa ni wetu. Ule pale." Wakaupiga ule wa Chiriku kwa kitu kizito. Alikuwa nyumbani. Nadhani alikuwa nyuma ya mlango anazisikiliza sauti zao, au anatafuta sauti ya mumewe, kwa sababu mlango ulipoanguka ndani ulimwangukia. Nikasikia mfupa. Sikujua kama mfupa unasikika.

Kisha mwanamume mmoja akasema, kama mtu aliyekosea nyumba ya kupeleka mzigo, "Huyu si wao." Wakashuka mbio.

Mimi ndiye niliyemkuta, mimi ndiye niliyempeleka hospitali nikiwa nimemshika. Mkono umevunjika pawili. Njiani alikuwa anasema, "Kitambaa changu kimeanguka, upepo, sikukikaza." Nikasema pole. Nilirudia pole mpaka neno likaisha ladha.

Jumanne, Aprili 15

Fundi viatu amefungwa bendeji jichoni na mbavuni. Familia ya chini imehama asubuhi, godoro limelowa mvua.

Mume wa Chiriku anatembea kwenye korido na koti lake la mvua, analivua, analivaa. Saa ile ile alikuwa jengo la tatu anapiga mlango wa mtu.

Leo nilipomletea mama mkwe uji akanishika mkono. "Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi niko hai, mwanangu. Siwezi kukulaumu na niko hai." Akausukuma uji. "Lakini nikifumba macho nasikia ule mlango."

Jumapili, Aprili 20

Mkutano. Sijawahi kuona maegesho yamejaa hivi. Mwenyekiti alipanda juu ya kreti, uso mwekundu kwa hasira. Akasema ukatili huu umevuka mpaka. Akasema Bwana Usafi ana damu mikononi. Akasema yote niliyomwomba aseme nilipokuwa naongea na miguu yake. Aliyasema kwa ajili ya Chiriku. "Wamemvunja mwenzetu," akasema, "mama asiye na hatia." Watu wakaguna kwa uchungu. Fundi viatu alikuwa nyuma kabisa, ameegemea nguzo, jicho moja limefungwa, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Chiriku alikuwa mbele, mkono kwenye plasta.

Mtu akapendekeza kila mmoja akikaze kitambaa chake vizuri, kisije kikapeperushwa tena. Wakakubaliana. Walikuwa wanapiga kura jinsi ya kufunga fundo.

Nilisimama. Sielewi nani alinisimamisha. Nilisikia sauti yangu nyembamba mno.

"Hakikupeperushwa. Nilikichukua mimi."

Mwenyekiti akasema, "Dada, keti, tutaongea pembeni."

"Nilikifunga mlangoni kwangu. Walikuwa wanatutafuta sisi. Walitupata kirahisi kwa sababu kamati ilituacha bila kitambaa. Nilidhani Chiriku hawatamgusa kwa sababu ni mweupe. Nilitaka anisitiri bila kumwomba." Nikamtazama, ikawa vibaya zaidi. "Nisamehe."

Chiriku aliinuka taratibu, akapita katikati ya watu, akapanda ngazi. Hakutazama upande wangu. Mwanamke mmoja nyuma yangu akatema mate, akakosea, yakamwangukia mwenzake. Mwingine akasema, "Unaona, ndivyo walivyo." Fundi viatu akaja akasimama kando yangu. Alisimama tu, ananuka dawa ya jeraha.

Jumatatu, Aprili 21

Kazini nimepewa mwenzi mpya. Anavuta mapema. Nimeungua kidole.

Alhamisi, Aprili 24

Mwenyekiti amekuja. Leo ameketi. Amesema sasa anayetaka kutundika atundike, mweusi kwa mweupe. Nikamuuliza kama atalisema hilo kwenye jengo la tatu. Akazungusha kofia yake mikononi muda mrefu.

"Nikilisema nimekwisha," akasema.

"Na usipolisema?"

"Nitashinda." Akaiweka kofia gotini. "Halafu sijui nitakuwa nimewashindia nani."

Ameondoka bila kuahidi. Nimeona ni mwoga kama mimi, na hilo halikunifariji. Hakuna mlango wa mweusi uliotundikwa kitambaa. Wetu pia umebaki mtupu; kile cha Chiriku nilikivua siku ile ile, nikakifua. Kimekunjwa juu ya kabati na sina ujasiri wa kuvuka korido kukirudisha.

Jumanne, Aprili 29

Mvua tangu alfajiri. Mume wa Chiriku ameacha kutoka. Anatengeneza mlango wao siku nzima, anaupiga randa hata pasipohitaji. Tukikutana anaangalia sakafu, na mimi naangalia sakafu.

Alhamisi, Mei 1

Leo watoza kodi wanakuja. Inasemekana Walinzi watawasindikiza, ingawa kipaza sauti chao kiliilaumu kampuni. Mume wangu hakwenda kazini.

Asubuhi mlango uligongwa. Nilishika ufagio, sijui wa nini. Alikuwa Chiriku.

"Nirudishie kitambaa changu."

Nikampa. Alikigeuza geuza kwa mkono mmoja. "Umekipiga pasi," akasema.

"Ndiyo."

"Nifungie. Mkono mmoja haufungi."

Nikavuka korido naye. Vidole vyangu havikushika, nikafunga mara ya kwanza kikaanguka. Alisimama juu yangu bila kunisaidia na bila kuondoka.

"Na chako?" akauliza.

"Sina. Na Mwenyekiti hajatangaza kwa..."

"Mwenyekiti hakuvunjwa mkono. Tundika. Wakija wakute milango imefanana. Mimi sipigwi tena kwa ajili ya mlango wako, na wewe hupigwi kwa ajili ya rangi yako. Hayo mawili nimeyalalia hospitali, ni jambo moja."

"Umenisamehe?"

"Hapana." Akaingia kwake. Kisha akachungulia. "Na mwambie fundi viatu atundike. Yule hanisikii, ananiogopa."

Mume wangu amechana foronya yetu. Ametundika yetu, ameshuka kwa fundi viatu na kipande cha pili. Mama mkwe ameomba godoro lake lisogezwe pale anapouona mlango. Anasema akifa anataka kumwona aliyemuua.

Naandika nikiwa nimesimama. Ni adhuhuri, mvua imepungua, kila kitu kinasikika. Lango la chini limefunguliwa. Viatu vingi. Wamesimama ghorofa ya pili, wanaongea na fundi viatu, simsikii anajibu nini. Sauti ya mume wangu imo, naisikia, haijapanda. Sasa wanapanda tena.

Upande wa pili wa korido komeo limefunguka. Chiriku ametoka, namwona kwa upenyo wa mlango, amesimama nje kwenye kizingiti chake na plasta yake, anaziangalia ngazi. Yuko peke yake. Hajanitazama, hajaniita.

Naweka kalamu. Naenda kufungua.